Ngazi Zisizofika Popote

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi! Mji wa baba yangu, mji wa babu yangu, na kwa haki zote mji wangu mimi pia, ingawa niliondoka hapa nikiwa na miaka sita na pengo la meno ya mbele. Nimeshuka stendi na masanduku mawili na feni. Nilitarajia angalau mtu mmoja anitazame usoni, ashike kifua, aseme huyu si mtoto wa fulani? Wapi! Mchukuzi mmoja aliniuliza kama nimepotea. Nikamjibu kwa fahari kwamba mimi ni mwenyeji. Akataka kujua ni mwenyeji gani huyo anayesubiri kupokelewa upande wa magari yanayoondoka.

Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, amenipa chumba chake cha kushonea. Cherehani imebaki humo humo, kwa hiyo nalala nimekunja miguu kama panzi. Amenipokea kwa machozi, kisha kwa maswali. Nimemwambia kazi ya dukani kule jijini nimeiacha kwa hiari yangu, nipumzishe akili. Aliendelea kuchomoa sindano moja moja kwenye godoro langu. Kwamba ni duka lililoniacha mimi, si mimi niliyeliacha, hilo halina haja ya kumkosesha usingizi mwanamke wa umri wake.

Jioni akaja binamu, mwanawe wa pekee. Ni kinyozi. Ana saluni inayotazama soko na anajua kila kichwa cha mji huu, nje na ndani. Alinitazama nywele badala ya uso. Akauliza kule jijini nilikuwa nanyolewa na nani, adui yangu? Shangazi akacheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, nisionekane mdogo.

Vita vimeanza.

Jumanne, 4 Juni

Nimeuzunguka mji mzima kwa miguu. Kila kitu kimepungua! Mlima niliokuwa nauogopa utotoni ni mteremko ambao mtu anaupanda kwa baiskeli huku anaongea na simu. Daraja la chuma lipo. Stesheni ya treni ipo, treni haipo. Benchi la babu, ambalo baba alilisimulia mpaka kufa kwake, sikuliona, au nililikalia bila kujua.

Lakini nimeona ajabu moja. Nyuma ya soko, kati ya kibanda cha mshona viatu na duka la mwoka mikate, kuna ngazi za mawe. Pana, zimechongwa vizuri, kila kipandio sawa na mwenzake. Zinapanda, zinapanda, mpaka usawa wa mapaa, kisha basi. Hazina mlango, ukuta wala nyumba. Zinaishia hewani. Mwoka mikate anaanikia aproni zake hapo.

Nimemuuliza shangazi. Akasema zimekuwepo siku zote. Nimemuuliza binamu. Akasema ngazi ni ngazi. Watu wa mji huu hawana udadisi kabisa! Wanakaa juu ya dhahabu na kuanikia nguo.

Nimepotea kidogo nikirudi. Mshona viatu, mzee mpole mwenye misumari mdomoni, aliponiona nikipita mbele yake kwa mara ya tatu aliweka nyundo chini akanisindikiza mpaka mlangoni. Njiani alikuwa ananiita Mgeni. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unaniita Mgeni.

Ndipo nikapata wazo. Nyumba ya wageni karibu na stesheni haikosi watu wanaosubiri basi la jioni, wamekaa tu, wanahesabu nzi. Wanahitaji matembezi ya mji. Na matembezi yanahitaji mwenyeji halisi. Mimi!

Nimemweleza shangazi. Akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ningoje kwanza niujue mji. Nimemkumbusha kwamba methali hiyo inahusu kuku.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepaka rangi kibao: MATEMBEZI YA MJI NA MWENYEJI. Neno MWENYEJI limebanana mwishoni, lakini linasomeka ukiinamisha kichwa.

Wateja wa kwanza: walimu wanne wastaafu ambao basi lao limeharibika. Kuwafundisha walimu ni kazi ngumu. Wananyoosha mkono! Mwanzo ulikuwa mbaya. Niliwaonyesha posta ya kale, nikaisifia sana kuta zake, mpaka mtu akatoka ndani na chupa ya dawa ya kikohozi. Ni duka la dawa. Nikasema zamani ilikuwa posta. Mwenye duka akasema hapana.

Tukafika kwenye ngazi. Mwalimu mrefu, mwenye mwavuli, akanyoosha huo mwavuli juu akauliza: zinakwenda wapi?

Wote wananitazama. Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na akatoka mwashi.

Nikasema zamani palikuwa na mwashi kijana, fukara, aliyempenda binti wa tajiri wa mji. Baba wa binti akamwambia, mwanangu hakai nyumba ya chini. Njoo ukiwa na ghorofa. Mwashi hakuwa na kitu ila mikono yake. Akasema basi nitaanza na ngazi, ili siku ya kuja kwake asikose pa kukanyaga. Akachonga mawe miaka na miaka. Siku alipoweka kipandio cha mwisho, akapata habari kwamba binti ameshaozwa. Akapanda, akakaa pale juu, akatazama barabara. Hakuongeza hata jiwe moja.

Mwalimu wa mwavuli alilia! Kilio cha kweli, cha kutafuta leso ya mwenzake. Akauliza jina lake nani huyo kijana. Nikasema watu walimwita tu Fundi Ngazi.

Pale pale nikagundua kwamba nyundo ya mshona viatu imenyamaza. Alikuwa anasikiliza. Mzee huyu kazaliwa hapa hapa, neno lake moja linatosha kunivua nguo mbele ya wageni. Akatoa misumari mdomoni taratibu.

"Kumbe!" akasema. Akairudisha misumari mdomoni, akaendelea kugonga.

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi! Wageni hawataki tena kuona daraja wala stesheni. Wanauliza ngazi ziko wapi. Leo nimepeleka makundi mawili, na Fundi Ngazi anazidi kukua. Sasa kila jiwe aliliosha kabla ya kuliweka. La pili kutoka juu alilipasua kwa huzuni (lina ufa, nililiona leo asubuhi).

Tatizo dogo. Mwoka mikate, mama mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, ameondoa aproni zake kwa heshima na kutundika kibao: MKATE WA FUNDI NGAZI. Nilipomuuliza, alinijulisha kwamba Fundi Ngazi alikuwa babu yake. Nikamweleza kwa upole kwamba haiwezekani, marehemu hakuoa. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyeuliza watoto wanatoka wapi.

"Mgeni," akasema, "kuoa ni jambo moja. Kuzaa ni jambo jingine."

Kisha akanitia mkate wa moto mkononi ili ninyamaze. Mkate ulikuwa mzuri. Nilinyamaza.

Jumapili, 9 Juni

Nilikwenda saluni kwa binamu kupunguzwa nywele, yaani kujitapa. Nikakuta baraza zima linamjadili Fundi wangu. Kondakta mstaafu wa treni, kichwa kimejaa povu, anakumbuka kwamba Fundi Ngazi alikuwa akimpa peremende. Peremende! Nimemtunga Alhamisi! Nikasema labda alikuwa mtu mwingine. Kondakta akageuza povu lake kunielekea, akauliza wakati huo mimi nilikuwa na umri gani. Sikuwa nimezaliwa. Akasema basi.

Ubishi ukawa mmoja tu: yule tajiri aliyekataa ni nani? Kila mtu akitaja jina, mwingine anasema yule hakuwa na binti, au binti yule hakuwa wa kusubiriwa. Binamu alisimamisha mkasi hewani. Namjua. Hawezi kukaa saluni kwake halafu habari iwe ya mtu mwingine. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebanwa na ukweli: enzi zile, ni nani mjini hapa alikuwa na mali, na kiburi, na binti mmoja mzuri?

Watu wakatazamana. Kondakta akapiga paja, akataja jina. Babu yetu!

Babu yake mwenyewe! Binamu kamuuza kaburini ili aonekane wa maana. Babu alikuwa na kinu cha kusaga nafaka na punda mmoja. Kama huo ni utajiri, mimi ni mfalme.

Na binti mmoja mzuri, bila shaka, ni mama yake. Shangazi yangu! Wote wakageuka wakatazama dirishani, upande wa nyumba yetu. Nilitoka nikiwa nimenyolewa upande mmoja.

Jumatano, 12 Juni

Siku tatu nimekaa nikisubiri kufukuzwa. Kila shangazi anapofunika sufuria najua ndiyo hiyo. Leo nimejipa moyo, nimemwambia nasikia watu wanasema maneno. Alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone.

"Wameniuliza," akasema. "Sikusema ndiyo. Sikusema hapana."

Ametoa gauni la bluu sandukuni, lile la kitambaa kizuri alilojishonea zamani, na ameachia mishono ya kiunoni. Amelivaa kwenda sokoni. Anapita njia ya ngazi, ambayo si njia ya sokoni. Muuza vitunguu anamchagulia vilivyo vikubwa. Wanaume watu wazima wanasimama kumwamkia, kisha wanamfuata kwa macho, wanatikisa kichwa kwa masikitiko ya miaka ile. Mwenyewe anatembea polepole, kikapu mkononi, kama hana habari.

Mimi, mwenye kisa, hakuna anayenichagulia hata kitunguu kidogo.

Na pigo kubwa: binamu ametundika kibao chake mbele ya nyumba ya wageni. Herufi zimepangika, hazikubanana hata moja. MATEMBEZI YA MJI NA MTOTO WA BINTI MWENYEWE. Chini yake: kunyoa ndevu ni zawadi. Wageni wangu wote walimfuata. Mmoja, mwenye haya, alirudi. Alikuwa ameusahau mfuko wake.

Ijumaa, 14 Juni

Nimejificha kwenye kundi la binamu, kofia mpaka puani. Kwa upelelezi.

Anasimulia vizuri kuliko mimi! Anasimulia vizuri mno! Kwake, Fundi anaimba huku akichonga. Binti anapita na kudondosha kitana makusudi, Fundi anakiokota, anakifukia chini ya kipandio cha kwanza, na mpaka leo anayekanyaga pale hasahau alipotoka. Wageni waliinama wakaligusa jiwe. Nikainama nami. Niliinama! Machozi yalinitoka kwa ajili ya kitana ambacho hakikuwepo cha msichana ambaye hakusubiriwa na mtu ambaye nilimtunga kwa kumwogopa mwalimu mwenye mwavuli.

Binamu akaniona. Akanionea huruma mbele za watu, akasema na huyu ni jamaa yetu, ametoka mbali, bado anajifunza.

Bado anajifunza!

Basi yamenifika hapa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mimi nacheza kwetu na anayetunzwa ni mwingine. Kama Fundi Ngazi hawezi kuwa wangu, hatakuwa wa mtu. Kesho nitasema ukweli. Sijawahi kuuona ukweli ukiwa na makali mazuri hivi.

Jumamosi, 15 Juni

Nilichagua saa ambayo soko limejaa. Nikapanda ngazi mpaka kipandio cha mwisho. Pale juu hakuna pa kushika. Nikapaza sauti, nikawaambia Fundi Ngazi hakuwepo. Hakuimba, hakuchonga, hakumpa mtu peremende. Nimemtunga mimi, hapa hapa, wiki iliyopita, kwa sababu niliulizwa swali nikakosa jibu.

Nikajiandaa kupigwa mawe au makofi.

Mshona viatu ndiye aliyesema kwanza, kwa upole kabisa. Aliniuliza niliondoka mji huu nikiwa na miaka mingapi. Sita, nikasema.

Kicheko! Kilianzia kwa wauza nyanya kikazunguka mpaka kwenye mabucha. Kondakta akawaambia watu, huyu kashuka juzi na feni kwapani, leo anatueleza nani alikuwepo na nani hakuwepo. Mwoka mikate hakucheka. Alifunika uso kwa aproni, akasema nimemwua babu yake mara ya pili. Watu wakamshika mabega. Binamu akaomba radhi kwa niaba ya ukoo, mkono kifuani, kinafiki kabisa.

Nikaona njia moja tu imebaki. Nikapiga kelele: muulizeni shangazi!

Naye alikuwepo. Gauni la bluu, kikapu. Watu wakafungua njia, wakamngoja. Aliinua uso akanitazama, na mimi nikamtazama, na hapo ndipo nilipoona kwamba ametia wanja. Sikumbuki kumwona shangazi ametia wanja. Neno lake moja tu lingetosha.

"Shuka, baba," akasema. "Utaanguka."

Akaweka kikapu begani akaenda zake. Nikashuka. Binamu alinishika kiwiko kama mgonjwa.

Nyumbani nilimkuta shangazi amekaa kwenye cherehani, hashoni, mikono imelala juu yake. Gauni ameshalivua, limekunjwa. Nilitaka anipigie kelele. Hakupiga. Alisema amewashonea nguo za harusi nusu ya wanawake wa mji huu. Amewapima, amewasikiliza, amewafuta machozi, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama yeye aliwahi kusubiriwa na mtu. Marehemu mumewe alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kumsubiri hata amalize kula. Wiki hii wameuliza.

Nikamwambia kumbe alijua ni uongo.

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Lakini uongo wako ulinikaa, mwanangu. Kama nguo iliyopimwa."

Nilikaa kitandani, magoti yangu yakigusa cherehani, nikapitisha uzi kwenye sindano zake zote, maana macho yake siku hizi hayaoni tundu. Hakuniomba. Hakunikataza.

Kisha akasema Jumatatu nitakwenda kuomba radhi kwa jamaa wa marehemu. Nikauliza marehemu yupi. Akaniangalia tu.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeomba radhi.

Mwoka mikate alikusanya ndugu zake wote nyuma ya duka, wamekaa kwa mstari kwenye magunia ya unga, nyuso nzito. Nilisimama mbele yao, kofia mkononi, nikasema nasikitika kwa kumkana mzee wao. Kaka mkubwa akanisamehe kwa hotuba. Alisema marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kinyongo. Nilikubali, mimi ndiye niliyemfanya asiwe na kinyongo. Dada mmoja akaniambia nina macho ya watu wazuri. Tukanywa chai.

Shangazi alinisubiri nje. Alikuwa na gauni la bluu. Tukarudi wote kwa njia ya ngazi, na kondakta alisimama kumwamkia, na mimi nilibeba kikapu nyuma yake. Sikusema neno. Sidhani nimewahi kutembea mbali hivyo bila kusema neno.

Binamu naye amenipa kazi. Nitafuata kundi lake kwa nyuma, kuhakikisha hapotei mtu, na akifika kwenye kitana nitasema "naam" kwa sauti nzito. Nimeikubali kwa unyenyekevu. Na nikipita mtaani sasa watu wananijua! Mchukuzi wa stendi ameniita kutoka mbali, akawaambia wenzake ndiye huyu, yule aliyemkana Fundi. Si sifa nzuri, lakini ni sifa ya mwenyeji. Mgeni hawezi kuchukiwa kiasi hiki.

Nimekaa nimetafakari sana. Mtu akikosea lazima ajiulize kosa lilikuwa wapi, na mimi nimejiuliza, tena bila kujionea huruma. Kosa halikuwa kumtunga Fundi. Fundi ni mzuri. Kosa ni kwamba nilimwacha hana ndugu, na kila mpita njia akajipachika.

Sasa, mtu kama yule hawezi kukosa mdogo wake. Na mdogo mtu, baada ya kuona kaka yake amekufa kwa huzuni pale juu, angeweza kuendelea kukaa mji huu? Hata kidogo! Angehama. Angekwenda mbali, nchi ya ugenini, akaoa huko, akazaa mtoto mmoja tu, naye mtoto huyo akazaa mmoja tu, na huyo mmoja siku moja angerudi, amebeba masanduku yake, bila mtu wa kumtambua stendi.

Upande wa mama, bila shaka. Mama hakutoka huku, kwa hiyo hakuna wa kubisha.